Damu Nzuri ya Wakwe

Mama mkwe wangu alipokuja kumwona mtoto wetu mara ya kwanza, hakumtazama usoni. Alifunua shali, akakivuta kidole gumba, akahesabu pingili. Zilikuwa tatu, badala ya mbili. "Huyu ni wetu!" akasema, akainua kidole chake, na mume wangu akainua chake. Ukoo wao unajivunia gumba hilo refu utadhani walilinunua. Mimi niliyezaa sikuulizwa hata hali.

Miezi michache baadaye mtoto akaanza kupauka. Midomo ikawa myeupe, akinyonya anachoka, analala na ziwa mdomoni. Hospitalini wakamwongezea damu, akachangamka, kisha akapauka tena. Hapo ndipo wakwe walipofunga safari kuja kwetu Kitengela. Walijaa sebuleni, wakanywa chai yangu, wakala chapati zangu, halafu wakanihukumu.

"Hii kitu haijatoka kwetu," mama mkwe akasema. "Sisi tuko na damu mzuri. Kwao huko Illasit ndio waulizwe."

Kwetu Illasit tunalima nyanya na vitunguu, na sijasikia mtu wetu aliyeishiwa damu. Lakini nani angenisikiliza? Wakakata shauri kwamba daktari akisema ugonjwa ni wa kwetu, nirudi kwa wazazi wangu na mtoto wangu, mwana wao aoe pengine. Mwana wao mwenyewe, mtu mzima mwenye digrii na kazi ya ofisi Nairobi, alikuwa anachovya chapati kwenye chai.

Tukapimwa sote watatu. Siku ya majibu daktari, mama mmoja mwenye subira nisiyokuwa nayo, alitueleza polepole. Ndani ya kila seli mna viwanda vidogo sana vya kutengeneza protini, vinaitwa ribosomu, na kila kipande cha kiwanda kina jeni yake. Jeni inayofanya kazi unapewa moja na baba na moja na mama, basi. Moja ikiharibika, iliyobaki haitoshi kutengeneza damu.

"Na hakuna za akiba?" nikauliza.

Akasema nakala nyingine ziko, tena tele, kwa binadamu na kwa mamalia wenzake, hata ng'ombe wanaopita pale nje. Ila karibu zote zilikufa zamani. Zimekaa tu humo, hazitengenezi chochote. Nikaikumbuka sebule yangu siku ile ya chapati.

"Iliyoharibika imetoka kwa baba," daktari akaendelea. Wengine huwa nayo bila kuugua kamwe, akasema, ila inaweza kujionyesha kwingine, kama kwenye vidole gumba. Mume wangu akaingiza mikono mfukoni. Nilimdharau, na sikujaribu kuficha.

Tulikuwa hatujafika getini mama mkwe akapiga. Mume wangu alikuwa amebeba begi la mtoto, kwa hivyo akaweka simu kwenye spika.

"Daktari amesema nini? Ni ya kwao, si ndio?"

Akanitazama. Akamtazama mtoto, aliyelala begani mwangu na plasta ya sindano mkononi.

"Ndio, Mum," akasema. "Ni ya kwao."