Laurentine na Tiketi ya Kwenda Tu

Laurentine Kitenge huuza bukari, yaani ugali, na samaki kando ya barabara itokayo Kolwezi kwenda Likasi, pale malori ya shaba yanapopanga foleni. Hapo ndipo alipompata mumewe, Muteba, dereva ambaye siku ya kwanza alilalamika kwamba samaki ana chumvi nyingi, na kesho yake akarudi kula samaki yuleyule.

Tangu waoane, Muteba ni mtu wa njiani. Hupeleka shaba bandarini Dar es Salaam, husubiri huko wiki kadhaa apate mzigo wa kurudi nao, kisha huja nyumbani na kanga mpya na hadithi zisizokwisha. Jirani yao, Darlène, hakuacha kumchokoza Laurentine: "Mwanaume kuchagua kanga za muzuri hivi? Kule iko mwanamuke mwenye kumuchagulia!"

Laurentine alicheka, lakini neno likamkaa moyoni. Si wivu, alisema. Alitaka tu kupaona mahali panapomla mumewe nusu ya mwaka. Aliposikia kwamba Wakongo hawaombwi tena visa kuingia Tanzania, akaenda Lubumbashi na pasipoti yake, akakata tiketi ya ndege ya kwenda tu. Ya kurudi ya nini? Angepanda lori la mumewe, aliyekuwa huko akisubiri mzigo. Muteba mwenyewe hakuambiwa kitu.

Kwenye uwanja wa ndege wa Dar, afisa wa uhamiaji, binti mwenye ushungi wa buluu, akampokea kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

Laurentine hakuwahi kusalimiwa hivyo. Akaona usalama ni kukubali. "Ndiyo, maman."

Afisa akabana midomo asicheke. Akafunua pasipoti. "Visa huhitaji. Ila tiketi ya kurudi siioni."

"Haiko. Mi nitarudia na kamiyo ya bwana yangu."

"Na nini?"

"Kamiyo."

"Utarudi Kongo na ngamia?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Laurentine akatua begi chini, akashika usukani hewani, akanguruma, akapiga na honi kwa mdomo. "Kamiyo! Ya kubeba shaba!"

"Ahaa, lori!" Afisa naye akacheka, lakini kazi ni kazi. "Nipe namba ya mumeo, mama, tumuulize."

Akapiga, akaweka spika. "Bwana Muteba, mkeo yuko wapi sasa hivi?"

"Yuko Kolwezi," Muteba akajibu bila kusita. "Kuna nini?"

Afisa akainua nyusi. Laurentine akaona siri yake mwenyewe inataka kumrudisha kwao. Akainamia simu.

"Muteba! Mi niko hapa!"

"Hapa wapi?"

"Dar! Ku aéroport! Ambia huyu mutoto kwamba mi ni bibi yako!"

Kwenye simu ukasikika ukelele, na kitu cha chuma kikianguka. "Dada, ni yeye! Nakuja! Usimruhusu aondoke!"

"Namruhusu aingie," afisa akasema, na mhuri ukagonga.

Muteba alifika kwa bajaji, shati limejaa grisi, akamkumbatia mbele ya watu, jambo ambalo huko Kolwezi hajawahi kulifanya. Akamwonyesha chumba anacholala na madereva wenzake, kisha duka la kanga, ambako mwenye duka, ajuza mwenye wajukuu tele, alimtazama Laurentine toka juu hadi chini. "Kumbe ndiwe ninayekuchagulia? Nilidhani u mnene zaidi."

Mzigo wa salfa ulipopatikana, wakaanza safari ya kurudi. Laurentine alikaa mbele, viatu amevua, akiuliza jina la kila mji. Kwenye mbuga ya Mikumi, twiga wakavuka barabara bila haraka, ikabidi lori lisimame.

"Muteba, angalia shingo!"

Muteba alikwisha kuwaona mara nyingi mno. Akazima injini, akamwacha mkewe awatazame vizuri.