Mkate Ambao Stana Hakuula

Kwa miaka kumi na tisa nilibeba maji ya visima vya kijiji chetu, Topolik, kwenye chupa. Mimi ni Zdenka, nesi wa wilaya, sasa mstaafu mwenye magoti mabovu, na mtu akitaka kujua habari za kisima chochote upande wetu wa mto Sava, aniulize mimi. Nilichota, nikapeleka mjini, maji yakapimwa, karatasi ikarudi inasema hakuna kitu. Nikachota tena. Watu walikuwa wanakufa kwa figo, lazima kuwe na sababu, na kisima ndicho nilichoweza kukiona kwa macho.

Ugonjwa wetu haukuwa na haraka. Mtu wa miaka arobaini na tano anaanza kuchoka, viganja vinageuka rangi ya shaba, chakula hakipiti, na hana uvimbe wala homa ya kumfanya aogope. Baada ya miaka michache figo zimeshasinyaa. Uliingia nyumba hii ukairuka ile. Mwanamke aliyeolewa kutoka mbali, akikaa miaka ishirini kwenye nyumba yenye ugonjwa, naye anaugua. Ndugu wa damu aliyehamia Ujerumani akiwa kijana anazeeka salama salimini. Watu wakasema kuna nyumba zimelaaniwa. Mimi niliwacheka, nikachukua chupa zangu nikaenda kisimani.

Nyumba ya Stana ilikuwa mojawapo. Alimzika mumewe Pavo, akamzika shemeji yake, kisha mke wa shemeji yake, wote waliokula meza moja naye. Yeye alibaki na mashavu mekundu, na akiwa na miaka sabini na sita alikuwa bado anapasua kuni mwenyewe. Wanaume kilabuni walisema Stana atawazika wote, halafu atajizika mwenyewe kwa kuwa hamwamini mtu kazi hiyo. Wanawake hawakutania. Walisema anakunywa umri wa wenzake. Alisikia yote hayo, na kila Jumapili alikaa benchi la mbele kanisani, makusudi, ili wamwangalie vizuri.

Sifa yake kubwa ilikuwa mkate. Sisi watu wa tambarare hatuna cha kujivunia isipokuwa ngano. Mahindi kwetu ni ya nguruwe na ya watu wa milimani, na tulikuwa tunawaambia hivyo hivyo usoni. Kila Jumamosi Stana aliwasha tanuri la uani na kuoka mikate sita, mikubwa, ganda limekauka vizuri, ngano ya shamba lao wenyewe iliyosagwa kwenye kinu cha mtoni. Ulikuwa na uchungu kidogo unaobaki nyuma ya ulimi. Tuliuona ndio utamu wenyewe. Mwanamke aliyethubutu kuweka mezani mkate wa dukani alisemwa na kijiji kizima, na aliyemsema kwa sauti kubwa zaidi alikuwa Stana.

Halafu akaugua Andrija, mwanawe wa pekee. Alikuwa na miaka hamsini na moja. Kufikia mwaka 2005 alikuwa anapelekwa mjini mara tatu kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine, anarudi mchana ameegemea kioo cha gari, hana nguvu hata ya kuvua viatu. Aliyemvua ni mkewe, Janja. Janja alitoka milimani, akaolewa Topolik mwaka 1974, na tangu siku hiyo nadhani sikumsikia akipandisha sauti. Akasema atampa mumewe figo moja. Vipimo vya kawaida vikaonyesha yuko sawa, hospitali ikasema yeye si wa damu ile yenye ugonjwa, basi hakuna pingamizi, na upasuaji ukapangwa baada ya Pasaka.

Katikati ya Kwaresima alikuja Daktari Kolarek kutoka mji mkuu, mwanamke mwembamba, viatu vimejaa tope letu, na begi limejaa madodoso ya zamani. Niliyatambua. Mwandiko ulikuwa wangu. Alikuwa amekaa miezi akilinganisha nyumba na nyumba: nani aliugua, nani hakuugua, walikunywa nini, walikula nini, shamba lao lilikuwa wapi. Aliniambia kwenye gari kwamba yeye haangalii tena maji. Mwalimu, kasisi na wafanyakazi wa reli walichota kwenye visima vilevile na hawakuugua, ila wao walikuwa wananunua mkate. Miaka kumi na tisa, jamani, na sikuwahi kujiuliza kasisi anakula mkate gani.

Jikoni kwa Stana daktari alitoa chupa ya jemu akaiweka mezani. Ndani mlikuwa na mbegu za kahawia, bapa, zenye pembe tatu. Janja alikuwa amesimama karibu na jiko na kitambaa mkononi. Stana aliiinua chupa kwenye mwanga akasema hiyo ni unyayo wa mbwamwitu, gugu la mashambani kwetu, linanuka vibaya, hata ng'ombe analikwepa. Daktari akauliza kama liliingia kwenye ngano. Stana akasema liliingia, nyumba zote, zamani hizo kabla ya dawa za magugu; unavuna ngano, unavuna na lenyewe, na mbegu zinasagwa humo humo.

Daktari akaeleza polepole, akimtazama Janja. Mbegu hizo zina sumu. Hailazi mtu siku hiyo wala mwaka huo. Inakula figo kidogo kidogo, kila kipande cha mkate kinaongeza chake, na mtu anaweza kuacha kuila kisha ikamdai miaka ishirini baadaye.

"Nyumba zote za kijiji zinakubaliana na hesabu yangu, isipokuwa hii," akasema. "Mara nne umeulizwa, bibi, na mara nne umejibu kwamba unakula mkate kuliko wote. Na wewe ndiye mzima. Ningekuwa na hakika ni mkate uliowaua watu wa humu, nisingekubali huyu mama atoe hata ukucha kabla ya kupekua figo zake upya. Basi nakuuliza mara ya tano. Ulikuwa unaula?"

Stana alimtazama Janja, akanitazama mimi, akairudisha chupa mezani.

"Nilikuwa naula, daktari, mwanangu. Mkate wangu mimi mwenyewe nisiule? Ningekuwa mwanamke gani?"

Daktari akaandika, akafunga daftari. Kwenye gari aliniambia mtu mmoja hawezi kuvunja hesabu ya kijiji, watu hawafanani, lakini madaktari wa upasuaji hawataahirisha kwa sababu ya shaka yake tu. Mimi nilikubaliana naye. Nilisema Stana ana ulimi mkali lakini si mwongo.

Siku nne baadaye, baada ya chakula cha mchana, Stana alibisha hodi kwangu. Amevaa kama wa kwenda kanisani. Nilimpa kiti akakikataa, nikampa rakija, pombe yetu kali ya matunda, akaikataa pia, na hapo nikajua kuna jambo. Akaanza kunieleza habari za tumbo lake.

Alikuwa na vidonda vya tumbo tangu ana miaka kumi na tisa, mwaka aliokuja kuolewa. Mkate ule ulimchoma kama makaa. Sasa bibi harusi wa tambarare, amekabidhiwa unga na mama mkwe wake mbele ya watu, aseme mkate wa nyumba hiyo haumfai? Wangemrudisha kwao. Basi akajifunza mchezo. Alimega kipande, akakipeleka mdomoni, akakiteremsha mfukoni mwa aproni, na jioni kuku wakapata. Alfajiri, akienda kupikia nguruwe mahindi, alijipikia sufuria ndogo kando, ugali na maziwa mgando, akala amesimama mlango umefungwa. Miaka arobaini na zaidi. Pavo alikufa bila kujua. Na sisi wenye madodoso tulipokuja, tuliuliza mbele ya mama mkwe, mbele ya mume, mbele ya majirani waliojaa dirishani kusikiliza.

"Ningesema nini, Zdenka? Kwamba Stana anakula chakula cha nguruwe?"

Nilimuuliza kwa nini alirudia uongo ule mbele ya daktari, wakati hakuna mama mkwe wala mume, yupo Janja tu. Ukweli ni kwamba sikuuliza, nilimfokea. Nilikuwa na hasira na nilijua fika nusu ya hasira ile haikumhusu. Mara nne nilikaa kwenye meza ile. Mara nne niliandika "anakula mkate kila siku" bila kuinua macho nimtazame anavyokula. Kazi yangu ilikuwa kutazama.

Akakaa, hatimaye.

"Nikisema sikuula, nimesema ndio uliowaua. Na mwokaji ni nani? Nimewaua Pavo na ndugu yake na mkewe kwa mikono hii, na mwanangu naua polepole, na mimi mwenyewe najipikia pembeni. Hiyo ndiyo ningemwambia daktari, na Janja amesimama pale anapangusa sahani?"

Nilimwambia hakujua kuna sumu. Ni kweli, hakuna aliyejua. Akanijibu kwamba kabla ya siku ile ya daktari hakujua, lakini tangu siku ile anajua, na siku nne zimepita amekaa nayo, na jana yake Janja amepewa tarehe ya kulazwa. Nilinyanyua simu nikampigia Daktari Kolarek, nikampa Stana aseme mwenyewe, na alisema yote, mpaka habari ya kuku.

Janja alipimwa upya wiki iliyofuata, vipimo ambavyo mara ya kwanza hakuna aliyefikiria kuvifanya. Figo zake zote mbili zilikuwa ndogo kuliko inavyotakiwa, na mkojo ulikuwa unavujisha kitu ambacho kipimo cha kawaida hakikioni. Huumwi bado, wakamwambia, lakini ugonjwa umeanza. Angetoa moja, ile iliyobaki isingemfikisha mbali. Upasuaji ukafutwa. Stana alijitolea kutoa zake. Wakamwambia kwa upole kwamba kwa umri wake hawawezi. Andrija alimwambia mama yake asirudie tena kusema maneno hayo, kisha akageukia ukuta.

Nilidhani Janja atafungasha arudi milimani kwa dada zake. Hakwenda. Ila kwa siku kumi na moja hakumsemesha mama mkwe wake hata neno. Alipika, akafua, akamvua mumewe viatu. Stana alihesabu siku hizo na kila asubuhi alinipitia kuniambia ni ya ngapi. Alikuwa amekonda. Alikuwa ameshatubu kwa kasisi, ameshakwenda makaburini kumwambia Pavo, ameshawaambia wanawake wote kanisani, tena kwa sauti, habari za aproni na ugali. Alitaka atukanwe na mtu mmoja tu, na mtu huyo hakutaka.

Siku ya kumi na mbili nilikwenda kumpima Janja shinikizo la damu. Tulikuwa watatu jikoni, mchana kweupe, Andrija yuko mjini kwenye mashine. Nilipofungua kitambaa cha kipimo mkononi mwake, Janja akashusha mkono wa blauzi yake, akasema bila kumtazama yeyote:

"Mama, mwaka ule niliokuja, kabla ya mavuno ya pili, ulinikuta uani nimekaa na sinia la ngano."

Stana akasema sema mwanangu, akisubiri.

"Nilikuwa nachambua zile mbegu. Kwetu tulikuwa tunazitoa, sikujua kwa nini, mama yangu alikuwa anazitoa. Nilikuwa nimejaza kikombe. Ukakichukua kile kikombe ukakimwaga tena kwenye ngano, ukakoroga kwa mkono. Ukaniambia, huku si milimani, huku hatuhesabu punje. Mke wa shemeji yako alikuwepo, mkacheka. Sikuchambua tena."

Nilimwona Stana anatafuta. Alikuwa mwanamke wa kukumbuka kila kitu, nani alivaa nini kwenye harusi ya nani mwaka gani, na dhambi zake zote alizozikumbuka alikuwa ameshazimwaga mbele za watu. Alitafuta kwa muda mrefu, mikono imeshika ukingo wa meza.

"Sikumbuki, Janja," akasema. "Naapa sikumbuki."

"Najua hukumbuki," Janja akamjibu. "Kwako ilikuwa siku ya kawaida."

Akainuka akaenda kuanua nguo, kwa kuwa mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa mto. Stana akaniuliza mimi kama huenda nilikuwepo siku hiyo, kama nakumbuka kikombe kilikuwa kipi. Nikamwambia sikuwepo. Akafungua kabati akaanza kutoa vikombe kimoja kimoja, akiviweka mezani.