Pombe ya Radhi Sikuipika

Naikumbuka siku moja kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Ni ile niliyopanda lori la mahindi pale Karatu, baba amenikataza, na mimi nimemsikia vizuri kabisa.

Tulikuwa watatu: mimi, Tumaini na Paulina, wasichana tuliokua pamoja na kuimba kwaya moja. Mimi nilikuwa nimeshachumbiwa. Miaka ile sukari ilikuwa ya foleni na mafuta ya gari ya kubahatisha, lakini wazungu hawakukosa kupita mbele ya shamba letu na Landrova zao, wakipanda Ngorongoro. Mimi nimeshika jembe, nawaangalia. Kila asubuhi nauona ule msitu na wingu lake, na sijui nyuma yake kuna nini. Wao waliotoka ng'ambo ya bahari wanajua! Iliniuma, sikufichi.

Paulina alikuwa amesikia kwamba huko mbele, Digodigo, watu wanaongoza maji kwa mifereji na kulima katikati ya nchi kavu. Tukasema tutakwenda kuona. Hoteli hatukuijua. Tulikuwa na lifti za malori, blanketi moja moja, na kiroba cha viazi vitamu vya kuchemsha, tusimsumbue mtu njiani.

Baba alisema, "Matembezi ni ya wazungu. Mchumba wa mtu anatembea shambani, kisimani na kanisani." Mjomba wa mchumba wangu akaleta neno lake pia: nikivuka ule msitu, nisijihesabu tena mke wa kwao. Basi nikajua ninachokiweka rehani. Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikaikagua miguu yangu, nikaiona mizima, nikatoka.

Kule juu, ukingoni mwa Ngorongoro, dereva alisimamisha lori, akatuambia tuteremke tutazame. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, kisha ukapasuka, na bonde lote likalala chini yetu na ziwa lake. Nilicheka, halafu nikalia. Nimezaliwa karibu na kitu kama kile, nikaambiwa si changu!

Lori lilitushusha kwenye uwanda wa Olbalbal, likakata kona kwenda kwake. Jingine la Digodigo, tuliambiwa, huja linapopenda. Vumbi, jua, na karibu yetu boma la Wamaasai. Sasa elewa, mwanangu, hofu tuliyokuwa nayo. Bibi yangu alizaliwa kwenye nyumba iliyochimbwa ubavuni mwa kilima na kuezekwa udongo, ili Wamaasai wakipita wasione kwamba chini kuna watu na ng'ombe. Hadithi hizo tulizinyonya na maziwa. Kwa hiyo hatukubisha hodi. Tulijibanza nje ya uzio wa miiba, tukaupa mlango mgongo, tukafungua kiroba na kuanza kula taratibu.

Akatoka bibi kizee, shanga shingoni, fimbo mkononi.

"Fisi ndiye anakula nje ya boma yangu," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mtu anaingia."

"Koko," Paulina akajibu, yaani bibi kwa Kimaasai, "tuna chakula chetu. Hatutaki kukusumbua."

"Chakula chenu! Mlango wangu mmeuona, mmeupa mgongo. Hiyo ni tusi. Simameni!"

Tuliingia. Tuliinamisha vichwa, akavigusa kimoja kimoja, kama wanavyosalimiwa watoto wa pale. Maji yalikuwa mbali. Wake za wanawe walikuwa wameyafuata na punda tangu alfajiri. Hata hivyo tulipewa maziwa ya kibuyu, yana harufu ya moshi, na viazi vyetu akawagawia wajukuu. Alipouliza kwetu ni wapi, nasi tukamtajia, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kumbe ninyi ndio wa nyumba za chini! Babu yangu alitembea juu ya paa ya babu yako, anatafuta ng'ombe!"

Tulicheka wote, mwanangu. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, na mimi naongeza: hujui na wema wake. Nikamweleza jinsi uchumba wangu ulivyokuwa unaning'inia. Akatema mate pembeni. "Ng'ombe asiyetoka bomani haliwi na simba," alisema. "Anakufa na njaa."

Digodigo tulifika, na mifereji tuliiona, maji yakipita miguuni mwa migomba kama watu wale walivyoyaelekeza. Lakini sikukuita nikuhadithie mifereji.

Niliporudi nilikuta wazee wamekaa nyumbani kwetu, na mjomba yule kati yao. Kwetu aliyekosa hupika pombe ya mtama, wazee wakanywa, wakaomba baraka, neno likaisha. Nilitakiwa kuipika na kutamka, "Nimekosa." Baba hakuniangalia. Mama aliniomba kwa macho tu. Mkataa wengi ni mchawi, wanasema; haya, siku ile nilikuwa mchawi.

"Shikamooni wazee wangu," nilisema. "Pombe nitapika, ya kupokea wageni. Ya radhi siipiki, maana sijamkosea mtu."

Uchumba ukafa palepale. Baba hakusema nami tangu kupanda hadi kuvuna, na hilo liliniumiza kuliko mchumba. Lakini sikuomba radhi, na leo, meno yamekwisha, bado siombi.

Ukaja mwaka wa ukame. Wanawake wa Kimaasai walipanda mpaka Karatu kutafuta mahindi. Siku moja baba alichungulia mlangoni, akaona punda, na kina mama wamekaa nje ya ua wetu, wametupa mgongo, wanakula kidogo walichonacho.

"Funga mlango," akaniambia.

Nikaufungua wote, nikatoka.

"Takwenya!" nikawaamkia kwa Kimaasai.

"Iko!" wakaitikia, wakishangaa.

"Fisi ndiye anayekula nje ya boma yangu. Mtu anaingia."

Walitazamana, wakaangua kicheko, wakaingia. Baba akainuka, akakivuta kigoda chake, ambacho hata mama hakuthubutu kukikalia, akamwekea yule aliyekuwa mzee kuliko wenzake. Akanigeukia.

"Ile pombe uliyosema," akaniambia, "ipike. Ya wageni."

Basi sikiliza. Tembea uone, na usingoje mfuko ujae; kiroba cha viazi kinatosha. Usikubali mtu akuambie kwamba nchi yako ni ya kutazamwa na wengine. Wakikutaka uombe radhi, jiulize kwanza umemkosea nani. Kama yupo, omba upesi. Kama hayupo, simama hapo hapo, hata kama ni baba. Ila ukifika penye mlango wa mtu usiupe mgongo, maana kiburi cha kutomsumbua mtu nacho ni kiburi.

Sasa inamisha kichwa nikushike. Njia ikupokee, mvua ikutangulie, na kwenu wakukumbuke kwa wema. Na siku utakayojibanza nje ya uzio wa watu na chakula chako, Mungu amtoe mwenye nyumba aje akugombeze.