Pombe Iliyonuka Petroli

Mwezi uliopita nilipita kwenye gereji moja mjini Gitega, nikamkuta fundi ananawa mikono kwa petroli. Si maji na sabuni, petroli! Namaanisha ile tuliyokuwa tukiwashia taa, ambayo Tanzania wanaiita mafuta ya taa. Harufu ikanifikia kabla hata sijamsalimia. Mate yakanijaa mdomoni, nikageuka nikatema mtaroni, na fundi akanitazama kama mtu asiye na adabu. Nisamehe na wewe, rafiki yangu. Wenzangu harufu ikiwarudisha utotoni wanakumbuka mkate wa mama au chai ya tangawizi. Mimi hurudishwa na petroli, na kichefuchefu juu.

Nimekulia kambini, Tanzania. Baba alifia huko, akatuacha mama, bibi mzaa baba, mimi na kaka yangu mdogo. Usiku tuliwasha kibatari, na kila asubuhi nilipenga kamasi nyeusi tii. Petroli ilinunuliwa kidogo kidogo kwa chupa ya soda iliyozibwa kwa karatasi, na chupa hiyo ilikaa pembeni ya chumvi kwa sababu hapakuwa na pembe nyingine ya kuiweka. Maharage yakanuka petroli, ugali ukanuka, hata nguo ya kwendea kanisani. Ptuu! Kitu kilichokuwa safi kwetu kilikuwa dumu la njano. Mafuta ya kupikia yalikuja kwenye dumu la njano, yakiisha tunachotea maji ya kunywa. Kambini sikuona hata siku moja dumu la njano likibeba petroli, na bibi yangu naye hakuona.

Amani ilipokuja tukarudi Burundi. Watu wanasema kurudi nyumbani kana kwamba nyumba imekaa inakungoja na mlango wazi. Shamba la babu lilikuwa Buhinyuza, kule Muyinga, na juu yake tulikuta jirani mmoja na mkewe na watoto, migomba yao imeshazaa. Yule bwana hakuiba. Aliwekwa pale zamani na wakubwa, naye akalima. Lakini bibi alikuwa na shamba lile tu duniani, na sisi nyuma yake. Tukajibanza Giteranyi kwa ndugu wa mama, watu sita chumba kimoja, kunguni wakitutafuna kila usiku hadi kaka akawa na vidonda mgongoni. Bibi akawa anakwenda na kurudi kwa wazee wa kilima, wale wanaoamua kesi za mashamba, anapigwa jua, anarudi na neno lilelile: subiri.

Mimi wakati huo nikapelekwa shule ya bweni Gitega. Nisikufiche, sikuipenda. Maharage yalikuwa na wadudu, na tulikuwa tunakula gizani makusudi tusiwaone. Wanafunzi walituita sisi wa kambini Watanzania, kwa mdomo ule ule mtu anaotumia kusema mavi ya kuku. Masomo yote yalikuwa kwa Kifaransa, na mimi Kifaransa changu kilikuwa cha kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Somo moja tu lilinipokea, nalo ni kemia. Mwalimu wa kemia alikuwa mwembamba, koti lake jeupe limegeuka rangi ya chai, na alikuwa akizungumza huku anatafuna kipande cha chaki. Kweli, alikuwa anakitafuna, nilimwona kwa macho yangu. Alisema kaboni ina mikono minne na hidrojeni ina mmoja. Kaboni moja peke yake, ikishikwa na hidrojeni nne, hiyo ni methani. Kaboni mbili zikishikana, ethani. Tatu, propani. Nne, butani, ile gesi ya kiberiti cha kubonyeza. Kuanzia tano unahesabu kwa Kigiriki: pentani, heksani, unaendelea. Zikishikana kwa mkono mmoja mmoja jina linaishia na ani. Kama kuna mbili zilizoshikana kwa mikono miwili, linakuwa eni: etheni. Kwa mitatu, ini. Na kama mnyororo una tawi, unatafuta kwanza mnyororo mrefu kuliko yote, unahesabu kutoka upande ulio karibu na tawi, ndipo unaita jina. Alikuwa akigonga ubao na kusema, "Hesabu kwanza, jina baadaye. Mnaopenda kuita majina kabla ya kuhesabu, mtaishi vibaya." Majina yale yalikuwa mapya kwa kila mtu darasani, Mrundi wa pale na sisi wa kambini. Hapo tulianza wote sifuri, nami nikakimbia.

Siku moja akatushusha bondeni chini ya shule, kwenye matope ya kinamasi. Akavua viatu, akachokoa tope kwa fimbo, mapovu yakapanda, akayakinga kwa chupa iliyojaa maji aliyoipindua. Yesu wangu, ule uvundo! Mayai viza, majani yaliyooza, panya aliyekufa, vyote kwa pamoja. Akawasha kiberiti mdomoni mwa chupa na moto wa bluu ukapita mara moja ukazimika. "Methani," akasema, ametabasamu, tope mpaka magotini. Mimi nilikuwa nimeinama nyuma ya matete natapika maharage na wadudu wake. Akaja akanigonga begani. "Methani yenyewe haina harufu, mwanangu. Uvundo ni wa jirani zake."

Ndiye aliyetufundisha pia kwamba petroli haina jina moja, ni umati, wenye kaboni kumi, kumi na mbili, hata kumi na tano. Na kwamba plastiki ya bidoni, yaani dumu kwa Kiswahili cha kambini, nayo ni ya ukoo huohuo, etheni nyingi zilizofungua mkono zikashikana kwa maelfu. Ndiyo maana petroli inaingia ndani ya bidoni na kukaa humo, na maji hayawezi kuitoa, kwa sababu maji si ndugu yao. Niliandika, nikasahau, nikaenda likizo ya Pasaka.

Giteranyi nikamkuta bibi anaimba. Wazee wamekata shauri: shamba ligawanywe katikati, nusu ya jirani, nusu yetu. Jirani alikubali kwa shingo upande. Kilichobaki kilikuwa kupanda mpaka wa miyenzi, ile miti yenye utomvu mweupe, kisha nyumba zote mbili zinywe pombe kutoka chungu kimoja, watoto wakiangalia ili waje kuwa mashahidi. Msiponywa pamoja, hakuna mpaka. Na mwenye pombe ndiye anayeanza kuonja. Kirundi tunasema kusogongera. Unaonja ili mgeni wako ajue hukumtilia sumu, kwa maana nchi yetu ilikuwa imezika watu wengi na kila kifo kilikuwa na jina la jirani nyuma yake.

Bibi alikuwa amepika pombe ya ndizi siku zile, nzuri, yenye rangi ya asali. Ili kuifikisha Buhinyuza kwa baiskeli akanunua sokoni bidoni la njano, la zamani, kwa sababu jipya lilimshinda bei. Akalisugua kwa mchanga, akalisuuza kwa majivu na maji ya moto, akanusa, akaridhika. La njano, basi lilikuwa la mafuta ya kupikia, hakuwaza lingine. Mjomba akalifunga nyuma ya baiskeli na likapigwa jua njia nzima.

Tulipofika miyenzi ilishapandwa. Wazee wamekaa, jirani na ndugu zake upande mmoja, sisi upande wa pili. Bibi akafungua bidoni, akamimina chunguni, na mimi niliyekuwa nimesimama karibu nikaipata harufu. Kibatari. Kambi. Pua nyeusi. Nikamwangalia mama, naye ameshajua, macho yamemtoka. Bibi akapiga magoti, akainamia mrija, akavuta. Nikaona shingo yake inakataa. Akitema, watasema ni sumu. Akimeza, jirani naye atavuta. Akameza.

Jirani hakuhitaji kuvuta. Aliinama tu, akanusa, akaruka nyuma. "We mama, umetuwekea nini humu? Iko sumu! Bazee, munaona? Nilisema mi, hawa batu ba Tanzania bamekuja kutumaliza!" Ndugu zake wakasimama. Kaka akanishika sketi. Mzee mmoja alikuwa tayari ameweka mkono kwenye mche wa kwanza wa miyenzi, kuung'oa, na nikaona chumba cha Giteranyi kinafunguka tena kutumeza.

Nikapiga kelele. Sijui nilipata wapi sauti. "Ni petroli! Bidoni lilikuwa la petroli! Maji hayaitoi, plastiki na petroli ni ukoo mmoja!" Mzee akaniuliza nani kanifundisha, nikasema mwalimu wa kemia, Gitega, na nikaanza kumwaga etheni na kaboni kumi na mbili mpaka mama akaniziba mdomo. Mke wa jirani ndiye aliyekuja mbele. Alikuwa akiuza petroli sokoni. Akachukua bidoni, akatia pua, akakunja uso. "Bon, uyu mutoto anasema kweli. Ata mi, bidoni ya petroli nikiweka maji, inanuka mwezi muzima. Lakini sumu ao petroli, nani atakunywa ii takataka?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Kumwaga pombe ya mpaka ni kusema mpaka umekufa, na jirani angepata alichokuwa anakitaka toka mwanzo. Kila mtu pale alilijua hilo. Jirani mwenyewe alilijua, nikamwona anatuliza uso.

Bibi akasogea chunguni. Akachukua kata, akachota ikajaa, akanywa. Alikunywa yote. Ikamtiririka kidevuni, machozi yakamtoka, akacheua, na ile cheuo ikanuka mpaka kwetu. Akashusha kata. "Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge," akamwambia jirani. "Ningetaka kukuua, ningetafuta kitu chenye ladha nzuri."

Mzee mmoja akacheka. Jirani akamgeukia bibi. "Shamba hili unalitaka kiasi hicho?"

"Nimekunywa mabaya kuliko haya huko nilikokuwa, baba, na sikupewa hata mgomba mmoja."

Jirani akavuta pumzi, akaziba pua kwa vidole viwili kama mtoto anayepewa mwarobaini, akainama kwenye mrija. Akanywa. Halafu mkewe, akilaani. Halafu ndugu, wazee, mama. Watoto tukapewa kila mmoja funda moja tukumbuke. Mungu wangu! Sijawahi kutia mdomoni kitu kibaya namna ile. Utamu wa ndizi unakuja kwanza, unakudanganya, halafu kile kitu kinakupaka ulimi, kinapanda puani, kinakaa. Baada ya muda mfupi watu wazima wa koo mbili walikuwa wametawanyika kwenye migomba, wanatapika, jirani amemshika bibi mabega na bibi amemshika jirani mkanda. Tulinuka wiki nzima. Miyenzi ikashika.

Bibi amelala chini ya nusu yake sasa. Kibatari hakuna tena, kila nyumba ina taa ya jua, na pombe ya chungu kimoja vijana wanaiona uchafu. Labda ni uchafu. Mate ya watu kumi kwenye mirija, nani atakubali? Mimi mwenyewe ninayefundisha kemia nawaambia wanafunzi wangu wanawe mikono.

Ila mwaka huu yule jirani amefariki, nikatoka Gitega kwenda msibani. Kaka yangu na mtoto wa marehemu walikuwa hawasalimiani, kila mmoja akidai mwenzake amesogeza miyenzi usiku. Hata hivyo kaka alikwenda na kreti ya soda, baridi, safi, kila chupa na kizibo chake cha kiwandani. Hakuna aliyemwambia aonje kwanza. Waliipokea kwa mikono miwili, wakashukuru, wakaiweka chini ya ukuta. Tulikaa mpaka jua linazama, koo zimekauka. Mjane, yule mama wa petroli, akaitazama kreti, akanitazama mimi, akainamisha kichwa. Tulipoondoka hakuna kizibo hata kimoja kilichokuwa kimefunguliwa.