Mama Kamba na Sifuri Yangu

Naanza na hasira, maana ndiyo iliyobaki mbichi. Mtu mzima, msomi, mkaguzi, amevaa suti, anaingia darasa la chekechea. Anakuta viti vitupu. Anasikia watoto wanapiga kelele upande wa pili wa ukuta, halafu anakaa. Anakaa! Anakunywa chai aliyoletewa, taratibu, robo saa nzima, kisha anaandika kwenye fomu: "Mwanachuo hayupo. Watoto hawapo. Sifuri." Na dirisha lilikuwa wazi! Angetoa kichwa tu angetuona, watoto ishirini na sita na mimi, tunahesabu moja mpaka kumi kwa kuruka kamba, vumbi limetujaa mpaka kwenye nyusi.

Hivyo ndivyo nilivyofeli mazoezi ya kufundisha. Bila mazoezi hakuna cheti, na bila cheti ile kazi niliyoahidiwa kwenye shule ya karibu na kwetu ilikuwa inakwenda kwa mwingine. Mama alikuwa ameshatangaza mtaa mzima kwamba binti yake ni mwalimu.

Aliyenifundisha kutoka nje na watoto ni mkufunzi wetu, mwanamke mfupi, mnene, wa miaka hamsini na tisa, tuliyemwita Mama Kamba. Kamba yake ilikaa mkobani siku zote, imeviringishwa pamoja na miwani na dawa za presha. Siku ya kwanza chuoni tulikuja na madaftari mapya, tayari kuandika maana ya mchezo. "Fungeni hayo madaftari," akasema. "Nje!" Wengine tulikuwa na sketi za kubana, jamani. Tuliruka hivyo hivyo, mishono ikaachia, naye akacheka huku ameshika kiuno.

Kesho yake akatugeuzia kibao. Alitukalisha kwenye vile viti vidogo vya watoto, mikono imekunjwa kifuani, mdomo umefungwa, dakika arobaini kwa saa ya ukutani. Dakika ya kumi na mbili mwenzetu mmoja, aliyewahi kuwa askari, akaomba kwenda chooni. Akakataliwa.

"Una miaka mingapi wewe?" Mama Kamba akamuuliza.

"Thelathini na moja."

"Na mwenye mitano je?"

Mama Kamba hakuzaliwa hivyo. Alitusimulia mwenyewe kwamba alifundisha chekechea miaka kumi na minane, rula mkononi, na darasa lake lilisifiwa kwa utulivu mpaka wageni wakawa wanaletwa kulitazama. Siku moja akamkuta kitindamimba wake nyumbani anacheza shule peke yake. Mtoto alikuwa amekaa sakafuni, mikono kifuani, kimya, anaangalia ukuta. Alikaa hivyo mchana kutwa. Kumbe mchezo wenyewe ndio huo. "Ile rula niliivunja," alisema, na hapo hakucheka.

Basi sikia alivyoipokea sifuri yangu. Aliingia ofisini kwa mkuu wa chuo bila hata hodi, mimi nyuma yake. Na yule mkaguzi alikuwemo.

"Kelele za watoto ulizisikia, hukuzisikia?" akamuuliza.

"Nilizisikia."

"Ukadhani ni za nani? Za mbuzi?"

"Mama, fomu inasema darasani," mkaguzi akajibu bila kupepesa macho. "Kipengele cha nne, utulivu wa darasa. Nitampaje alama za utulivu mtu ambaye hayumo?"

"Ungenyanyua hayo makalio yako ukatoka hapo nje..."

"Mwalimu!" mkuu wa chuo akadakia. Yule mzee hapendi ugomvi hata kidogo. Akaleta suluhu yake: nirudie somo Alhamisi, ndani, watoto wamekaa, na sifuri itafutwa.

Nilitegemea Mama Kamba atakataa kwa niaba yangu. Badala yake akanigeukia. "Cheti ni chako, mwanangu. Mimi mshahara wangu unaingia. Lakini nilichokufundisha unakijua."

Nikasema nitarudia. Nilisema haraka haraka, kabla aibu haijanifika.

Alhamisi ikaja. Darasani kulikuwa na mtoto mmoja wa kike, mwoga, aliyechukua wiki tatu nzima kuthubutu kunyanyua miguu yote miwili kwa pamoja. Wiki iliyotangulia alikuwa ameruka mpaka saba, na hakuna aliyesalimika, alimwambia kila mtu mpaka mlinzi wa getini. Asubuhi hiyo alikuja mbio, akaitafuta kamba mezani.

"Leo hakuna kamba," nikamwambia. "Kaa. Kunja mikono."

Akakaa, na wote wakakaa. Niliandika moja mpaka kumi ubaoni, wakaitikia moja mpaka kumi, tukarudia, tukarudia tena. Aliyegeuka nilimkata jicho. Mama Kamba alikuwa nyuma kabisa, kwenye kiti kidogo, na yeye amekunja mikono, dakika zote arobaini. Mkaguzi alikuwa anatikisa kichwa kwa raha zake huku anajaza fomu. Tisini na mbili! Akanipa mkono. "Hili sasa ndilo darasa," akasema. Nikamwambia ahsante. Ahsante! Mpaka leo nikiikumbuka ile ahsante natamani kujizaba kibao.

Alipotoka nikashusha pumzi. "Haya, tokeni mkacheze."

Hakuna aliyetoka. Nikasema tena, kwa sauti ya uchangamfu, ile ya uongo. Bado wamekaa, mikono kifuani, wananitazama. Yule mtoto aliyefika saba akanyoosha mkono.

"Mwalimu, tumesamehewa?"

Watoto wale walikuwa wamekaa dakika arobaini wakitafuta kichwani wamekosa nini, na mimi nimesimama mbele yao nawaza cheti.

Mama Kamba akanyanyuka, magoti yakalia. "Ndiyo, wajukuu zangu," akasema. "Mmesamehewa wote. Isipokuwa huyu." Akaninyooshea kidole, na macho yake hayakuwa ya utani. "Huyu bado. Huyu atazungusha kamba mpaka nyinyi mseme basi."

Wakalipuka kwenda nje. Yeye akafunga ncha moja kwenye nguzo, ya pili akanitupia bila kuniangalia. Yule mtoto akatangulia. Moja, mbili, tatu. Akapita saba. Nilizungusha mpaka bega likawaka moto, kamasi na machozi vinanitoka mbele ya darasa zima, na hakuna aliyesema basi.