Rebeka na pikipiki isiyoweza kusimama

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mjini Masumbwe, Rebeka Bartholomeo hajakaa hata kidogo. Anaizunguka pikipiki yake, anabonyeza tairi, anaminya klachi, anatazama saa kwenye simu, kisha anaminya klachi tena.

"Leo siku ya tatu," anasema bila kumtazama mtu. "Nikivuka leo, kazi ni yangu."

Kazi yenyewe ni kumpeleka Mwalimu Anisia shuleni na kumrudisha, kilomita kumi na moja, kwa Sh150,000 kwa mwezi. Mwalimu amempa siku tatu za majaribio kwa sharti moja: kengele ya saa moja na nusu imkute ndani ya geti. Akichelewa, kazi inakwenda kwa Ngusa, dereva mwenzake wa kijiweni. Ngusa ndiye aliyembeba mwandishi wa makala haya, na hafichi kwamba kazi hiyo anaitaka.

Rebeka, 32, anamlea peke yake mwanawe Otmar. Kwa miaka mitatu alibeba viroba vya mawe ya dhahabu kutoka mashimoni hadi kwenye krasha, mashine ya kusaga mawe. Siku nzuri alipata Sh25,000. Masika ya mwaka jana aliteleza, viroba viwili vikamwangukia mguuni, akalala nyumbani akiuguza mguu miezi miwili.

"Sasa nikiona kiroba tu, mguu unauma kabla sijakibeba," anasema. "Mwalimu hana uzito wa kiroba, na anasema asante."

Safari inaanza vizuri. Kilomita ya nne, juu ya kilima, unasikika mlio mdogo, tap! Mkono wa klachi unalegea. Waya umekatika.

"Mwalimu, hamia huku," Ngusa anadakia, kabla hata hajazima injini. "Mwandishi atasubiri."

Mwalimu Anisia anatazama saa, kisha anamtazama Rebeka.

"Naomba ukae hapo hapo, Mwalimu," Rebeka anasema, jasho likimtoka. "Nitaondoka bila klachi. Ila nikishaondoka, sisimami mpaka shuleni."

Anaweka gia ya pili. Tunamsukuma kwenye mteremko, injini inashika, na huyo! Kila akitaka kubadili gia anaachia mafuta kidogo, anasikiliza mlio, kisha anakanyaga. Mbuzi wanaruka pembeni. Huku kwetu ukiwakuta wazee barabarani unapunguza mwendo na kuwaamkia. Rebeka anapiga kelele "Shikamooni!" na kupotea kwenye vumbi, bila kusubiri marahaba.

Katika kijiji kinachofuata, mwanamume mmoja wa sungusungu ananyoosha mkono kumsimamisha. Wiki hiyo pikipiki mbili zimeibwa. Rebeka anapita. Nyuma yake Ngusa anapiga honi mfululizo kufukuza mbuzi, na aliyetuona alijua jambo moja tu: mwizi anakimbia, mwenye mali anamfukuza.

Ndipo ukapigwa mwano, ule ukunga wa Wasukuma wa kuitana kwenye hatari. Wanaume wanatoka mashambani na fimbo. Mbele, gogo limelazwa barabarani.

Rebeka anakanyaga breki. Injini inazimika. Mmoja anachomoa ufunguo, mwingine tayari ameinua fimbo.

"Ngassa!" Mwalimu Anisia anafoka. "Wewe si baba yake Suzana? Mwanao yuko darasani ananisubiri, na wewe unataka kumpiga anayenipeleka?"

Fimbo inashuka polepole. "Shikamoo, Mwalimu. Tulijua ni mwizi."

"Marahaba. Rudisheni ufunguo, ondoeni gogo. Halafu sukumeni."

Saa moja na dakika ishirini, zimebaki kilomita mbili, na waliokuja kumpiga Rebeka wanamsukuma, fimbo zimebanwa kwapani. "Wabeja!" anawashukuru kwa Kisukuma, injini inaposhika.

Anaingia getini dakika mbili kabla ya kengele. Mwalimu anashuka, anapangusa vumbi miwani.

"Mama Otmar, ule waya ulikatika ghafla?"

Ngusa amesimama hatua tatu tu kutoka hapo, masikio wazi. Rebeka angeweza kusema ndiyo.

"Hapana, Mwalimu. Jana niliona nyuzi mbili zimekatika. Nikasema moyoni utanifikisha tu."

Kengele inalia. Mwalimu anavaa miwani yake.

"Saa tisa na nusu unifuate," anasema. "Uje na waya mpya. Na siku nyingine unaniambia kabla sijapanda."

Ngusa anakuna kichwa. Kisha anafungua kiti cha pikipiki yake na kutoa waya wa klachi, mpya, umekunjwa ndani ya nailoni.

"Ulikuwa nao?" Rebeka anauliza.

"Tangu kule kilimani," Ngusa anajibu, macho chini. "Nisamehe, dada."

Rebeka anamkazia macho. Hasira inampanda waziwazi. Halafu anaupokea waya, anachukua spana na kuanza kufungua, na kwa mara ya kwanza leo anakaa chini.

Mpango wake? Haachi kufungua nati anapoueleza.

"Mshahara wa kwanza nanunua nyaya tatu. Mmoja wa kumrudishia Ngusa, mmoja akiba yangu." Wa tatu je? Anacheka. "Wa kumpa mwenzangu atakayekatikiwa njiani. Tena nitampa kule kule kilimani."