Posa Iliyoning'inia kwenye Mpira wa Mafuta Angani

Baba mkwe wangu aliniambia tutazungumza habari za ndoa siku nitakayojaza ndege mafuta ikiwa angani.

Yeye hakuwa na ndege. Mimi sikuwa na ndege. Na mji mzima wa Mutsamudu siku hizo haukuwa na mafuta.

Usicheke kwanza. Ngoja nikueleze.

Naitwa Houssam. Nimekulia Unguja ila mama yangu ni Mngazija wa Komoro. Mwanzoni mwa mwaka 2008 nilikuwa Moroni, natengeneza kompyuta kwenye kibanda karibu na soko la Volo Volo. Siku moja nikaitwa chuoni Mvouni, mashine zimegoma. Nikazitengeneza. Nilipotoka mle ndani, moyo wangu ulikuwa umebaki kwa binti mmoja wa hisabati aliyekaa mstari wa mbele.

Laïla. Mtoto wa Mutsamudu, kisiwa cha Anjouan.

Tukapendana. Alipoenda kwao likizo, nikamfuata kujitambulisha. Nikashuka uwanja wa ndege wa Ouani na shati jipya, begi dogo na maneno matamu niliyoyakariri njia nzima.

Nilipanga kukaa siku mbili tatu.

Hapo ndipo mambo yakachacha. Viongozi wa Anjouan walikuwa wameshagombana na serikali ya Moroni, kisiwa kimejitenga, na wiki ile ugomvi ukapanda. Ndege zikasimama. Boti zikasimama.

Mimi huyo, nimekwama ukweni na mashati mawili.

Kaka yake Laïla, Kamardine, akanipa kitanda chumbani kwake. Jamaa mtu poa sana. Shida ilikuwa baba yao, Mzee Saïndou, afisa mstaafu wa forodha, mtu anayekutazama kama mzigo ambao haujakaguliwa.

"Wewe mtu wa wapi?" akaniuliza.

"Unguja, mzee."

"Na mama yako?"

"Moroni."

"Basi."

"Basi nini, mzee?"

"Basi, yaani basi. Moroni wametufungia njia, halafu mimi niwape binti? Na Laïla mwenyewe harudi tena huko. Masomo yamekwisha."

Nikamtazama Laïla mlangoni. Akageuka, akaingia jikoni.

Nikaona hapa nimeingia choo cha kike.

Kamardine alikuwa na kompyuta, na kwenye kompyuta alikuwa na gemu la ndege za kivita aliloletewa na binamu yake kutoka Marseille. Si gemu la kitoto. Kuwasha injini tu ni kazi. Kutua ni kazi zaidi. Lakini kulikuwa na kitu kimoja kilichomshinda Kamardine mwaka mzima: kujaza mafuta angani.

Iko hivi. Mbele yako kuna ndege kubwa ya mafuta. Inaburuza mpira mrefu, na mwisho wa mpira kuna kitu kama kikapu. Ndege yako ina mrija puani. Unatakiwa uje taratibu kwa nyuma, uchomeke mrija kwenye kikapu, halafu utulie hapohapo mpaka tangi lijae. Zote mbili zinakimbia kama zimeiba.

Ukikanyaga mafuta kidogo, unapitiliza. Ukipunguza kidogo, kikapu kinakuacha. Ukibabaika, ndio basi tena.

Mara ya kwanza niliigonga ndege ya mafuta kwa nyuma. Tukalipuka wote.

Mara ya pili niliigonga tena.

Mzee Saïndou alikuwa amesimama mlangoni. Sikujua. Kwa mara ya kwanza tangu nifike nikamsikia akicheka.

"Fundi," akasema, "siku utakayoijaza hiyo, njoo tuzungumze ndoa."

Kamardine akaruka kitandani. "Baba! Mimi shahidi!"

"Kuwa shahidi," mzee akajibu, akaondoka huku mabega yanatikisika kwa kicheko.

Kuanzia siku hiyo sikuwa na kazi nyingine duniani.

Tatizo lilikuwa umeme. Mji ulikuwa gizani kwa kukosa mafuta, kwa hiyo tulitegemea jenereta ndogo iliyokuwa uani, nyuma ya jiko. Asubuhi mimi, Kamardine na mzee tunapanga foleni ya petroli na dumu mkononi. Mara nyingi tunarudi na dumu tupu, mara mojamoja na kiasi cha chupa. Alasiri tunaiwasha kidogo, simu zinachajiwa, na mimi naruka.

Bibi yao, Koko Kalathoumi, hakuliafiki jambo hili hata kidogo.

"Mji mzima hauna mafuta," alikuwa akipiga kelele kutoka jikoni, "na nyinyi mnachoma ya kweli ili mjaze ya uongo! Akili zenu zimeenda na boti!"

Siwezi kusema alikosea.

Lakini nilikuwa napata! Nilishajua usikitazame kikapu, kwa sababu ukikitazama unakifukuza, na ukikifukuza kinakukimbia. Tazama ndege kubwa. Mkono uwe mwepesi. Pumua.

Siku moja nikachomeka. Wallahi nilichomeka! Taa ya kijani ikawaka, mafuta yakaanza kuingia, Kamardine amenishika shingo, "tulia, tulia kaka, tulia..."

Pap. Kioo cheusi.

Jenereta imezimika.

"Petroli imekwisha!" Koko akaita kutoka uani.

Kesho yake hivyohivyo. Nachomeka, taa ya kijani, pap. Keshokutwa tena. Nikianguka, umeme upo. Nikikaribia kushinda, umeme hakuna. Nikaanza kuamini kuna mtu kanifanyia mambo.

Habari zikatapakaa mtaani. Unajua Mutsamudu ya zamani vichochoro vyake vilivyobanana, mtu akikohoa huku, kule wanamwambia pole. Majirani wakawa wanakuja na viti vyao. Bi Zaitoun wa nyumba ya pili alikuwa anakuja na mishono yake kabisa.

Halafu ikaingia habari nyingine, hiyo haikuwa ya kuchekesha. Watu walisema majeshi yanajiandaa kuvuka kutoka Moroni. Mzee Saïndou akatuita baada ya sala ya Ijumaa.

"Mchezo unaisha leo," akasema. "Petroli itakayobaki ni ya kuhifadhi. Fundi, ukiweza leo, sawa. Usipoweza, ukipata chombo cha kwanza, nenda kwenu salama."

Alasiri ile chumba kilijaa mpaka dirishani. Nikaisogelea ndege ya mafuta. Nikachomeka.

Taa ya kijani.

Nikasubiri umeme ukatike. Haukukatika! Nikasubiri tena. Bado upo! Sasa kwa kule kusubiri giza, nikasahau kuendesha. Pua ikapanda, mpira ukajikunja, kikapu kikang'oka.

Mlipuko.

Chumba kizima: "Aaaah!"

Mzee Saïndou akainuka. Hakucheka. Nadhani hata yeye alinionea huruma.

"Basi, mwanangu," akasema.

Nikabaki nakitazama kioo. Nikawa nafikiria namna ya kumwaga machozi bila Bi Zaitoun kuona.

"Na mimi nijaribu," sauti ikasema.

Laïla. Kasimama mlangoni, anajifuta mikono kwa leso.

Watu wakaangua kicheko. Baba yake naye akatabasamu. "Wewe? Haya, jaribu."

"Nikiijaza?"

"Ukiijaza, utasema unachotaka, na mimi nitakupa."

"Wote mmesikia?" Laïla akawauliza majirani.

"Tumesikia!"

Akakaa. Akasogeza kiti mbele kidogo, kama mtu anayekijua kiti hicho. Akashika fimbo ya kuendeshea kwa vidole vitatu tu, kama ameshika sindano.

Nikaanza kuingiwa na wasiwasi.

Alikwenda polepole mpaka nikataka kumsukuma. Akasimama nyuma ya kikapu, akatulia. Akasogea. Mrija ukaingia bila hata kutikisika. Taa ya kijani. Mafuta yakaanza kupanda, robo, nusu... Ndege kubwa ikakata kona, naye akakata nayo, mabega yametulia. Bi Zaitoun alikuwa ameshona kidole chake na hajui.

Tangi likajaa.

Laïla akarudi nyuma taratibu, akaachia kikapu, akageuka.

"Baba, nataka kurudi Mvouni nikamalize masomo. Njia ikifunguka tu."

Mzee akawatazama majirani. Majirani wakamtazama yeye. Atakwepea wapi?

"Utarudi," akasema. Kisha akanielekeza kidole. "Na huyu?"

"Huyu hajaniuliza kitu. Amekuuliza wewe, ameiuliza kompyuta, mimi hajaniuliza. Nikimaliza masomo, aje aniulize."

Nilitamani ile ndege ya mafuta inigonge mimi mwenyewe.

Watu walipotawanyika nikamfuata jikoni. Koko Kalathoumi alikuwa kakaa kwenye kigoda chake, anatwanga majani ya muhogo, macho makavu kabisa.

"Laïla, umejifunza lini?"

"Asubuhi. Mkienda foleni."

"Na petroli?"

Koko akainamisha kichwa kwenye kinu, anacheka mpaka mchi unamponyoka. Kumbe bibi alikuwa anatupunguzia dumu na kuficha chupa uvunguni mwa kitanda chake. Na jenereta alikuwa anaizima yeye, kwa ishara ya mjukuu wake!

"Ungeshinda mapema, wangeniozesha kabla sijamaliza masomo," Laïla akaniambia. "Ungeshindwa mapema, ningebaki hapa moja kwa moja. Nilihitaji muda. Leo nilikuwa tayari, uijaze usiijaze ningeomba zamu yangu, ndiyo maana hatukuizima."

Nikachoka kabisa. Sikupata hata pa kukasirikia.

Mwezi Machi majeshi yalishuka kweli. Tulijifungia ndani, tukasikia milio, Koko akisoma uradi bila kunyamaza. Mungu alitusitiri, nyumba ikasalimika. Njia ilipofunguka, Mzee Saïndou mwenyewe alimbebea binti yake begi mpaka Ouani.

Laïla alimaliza masomo. Siku hiyohiyo nilipanda Mvouni, shati limepigwa pasi.

"Laïla, nakuuliza wewe mwenyewe. Utaolewa na mimi?"

"Umechelewa, Houssam."

Nikageuka kutafuta njia ya kushukia.

"Nimeshampigia Baba simu wiki iliyopita, nikamwambia nimekuchagua. Anasema uje na mashati zaidi ya mawili."

Wewe unayesoma hapa, chukua hili uondoke nalo: kabla hujaingia kwenye shindano la kumpata mtu, hakikisha mwenyewe ameambiwa kwamba kuna shindano. Vinginevyo utashangaa umeme unakatika, na hutajua nani amezima.